Vijidudu vinavyotupatia togwa, mtindi na dawa

Tukitaja vijidudu redioni, mara nyingi habari ni za magonjwa: kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo. Lakini ndugu msikilizaji wa Nduguti na vijiji vyote vya Mkalama, vipo vijidudu unavyovifuga jikoni kwako bila kuviona.

Chukua togwa. Uji wa mtama au uwele ukishaiva unaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha unatiwa kimea na togwa kidogo ya jana. Kimea huufanya uji uwe mwepesi na mtamu. Vijidudu vya ile togwa ya jana hula utamu huo na kutoa asidi, ndiyo ule uchachu wa asubuhi. Asidi hiyo huvizuia vijidudu vingi vya kuhara visizaliane.

Mwaka 1994 watafiti Willbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha matokeo ya utafiti wao wa hapa Tanzania: watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa waliugua kuhara kwa uchache kuliko waliopewa uji wa kawaida. Kumbuka, mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.

Mtindi ni kazi ileile, ila uchachu hauui kila kitu. Vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kubaki hai katika maziwa mabichi yaliyogandishwa. Chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo utie mtindi wa zamani kwenye chombo kisafi.

Hospitalini nako vipo. Mwaka 1928 Alexander Fleming, akiwa London, aliona ukungu ulioingia kwenye sahani yake ya maabara umeangamiza bakteria waliokuwa karibu. Hapo ndipo ilipoanzia penisilini. Insulini ya wagonjwa wa kisukari, ambayo zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, tangu 1982 inatengenezwa pia na bakteria waliopandikizwa vinasaba vya binadamu.

Je, basi tule mahindi yenye ukungu? Hapana! Ukungu mwingine hutoa sumukuvu, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu kwa majirani zetu wa Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoota ukungu usiyasage, usiyafanye pombe, wala usiwape mifugo. Anika mavuno juu ya turubai mpaka yakauke vizuri, ndipo uyahifadhi.