Maneno Mengi Huzika Neno

Aghalabu mwalimu awashapo projekta, ukuta hufurika maandishi, naye huwapa wanafunzi kisogo akayasoma neno kwa neno. Msikilizaji hawezi kusoma na kusikiliza kwa makini kwa wakati mmoja. Atashika moja na kuliponyoka jingine.

Je, hili ni jambo dogo? La hasha! Mnamo Januari 2003, kipande cha povu gumu kiligonga bawa la Columbia, chombo cha angani cha Marekani, kilipokuwa kikipaa. Wahandisi waliwaeleza wakuu wao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilitia matumaini. Chini kabisa, penye maandishi madogo, ndipo ilipojificha habari yenyewe: kipande hicho kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali kilichotumiwa katika majaribio kilikuwa na inchi za ujazo 3 tu. Februari 1, chombo kilisambaratika kikirejea, wanaanga 7 wakaangamia. Slaidi haikuwavunjia bawa, lakini tume ya uchunguzi ilikemea mazoea ya kutumia slaidi mahali pa ripoti kamili.

Basi, ndugu mwalimu, nawe mwanafunzi, slaidi ibebe lile ambalo jicho halina budi kuliona: hoja kuu, mchoro, tarakimu. Ufafanuzi ni kazi ya ulimi. Maelezo marefu yaandikwe katika karatasi na kugawiwa. Kabla ya kuandika, jiulize: wakisahau mengine yote, wakumbuke lipi? Hilo ndilo la kutangulia juu.