Gemu za kale: kununua mashine au kulipa kiingilio?

Mkulima mwenye ekari mbili hahitaji kununua trekta. Hukodi la jirani kwa saa chache, na gharama za fundi na vipuri humwachia mwenye trekta. Hesabu hiyo inawahusu pia wapenzi wa gemu za kale za sarafu, zile mashine kubwa kama kabati zilizokuwa zikiwekwa kwenye baa na maduka huko Marekani na Japani.

Gemu hizo zilishika kasi baada ya Space Invaders kutoka Japani mwaka 1978, ikifuatiwa na Pac-Man mwaka 1980. Leo ziko njia kuu tatu za kuzifurahia.

Mosi, kumiliki mashine. Hapa bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Kioo chake ni kama cha runinga za chogo, ambacho viwanda vikubwa vimeacha kutengeneza. Betri za ndani huvuja na kula saketi. Umeme mkali huweza kubaki kwenye kioo hata baada ya kuchomoa waya ukutani, hivyo asiye fundi asifungue. Hata hivyo, wapo ambao kutengeneza ndiyo raha yenyewe, nao hununua mashine mbovu ili wanyofoe vipuri.

Pili, kwenda ukumbini. Galloping Ghost, uliofunguliwa mwaka 2010 huko Brookfield, jimbo la Illinois, una mashine zaidi ya 800. Mteja hulipa kiingilio mara moja, akacheza siku nzima bila kutumbukiza sarafu. Gharama za matengenezo hugawanyika kwa wateja wengi.

Tatu, kutumia kompyuta. Programu ya MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, huiga saketi za mashine hizo. Programu ni ya bure, lakini gemu nyingi bado zina hakimiliki.

Kabla ya kutoa fedha, hesabu saa utakazocheza kwa mwaka. Anayecheza mara moja kwa mwezi akinunua mashine, amenunua kabati la kufugia vumbi.

Kwa mfanyabiashara mdogo, somo liko kwa mwenye ukumbi: anauza muda, huku mzigo wa matengenezo akiubeba mwenyewe. Iwe mashine ya gemu au ya kukoboa mpunga, asiyetenga fedha za vipuri anakula mtaji wake akidhani ni faida.