Mwanga wa Kioo Tusomapo Vitabu kwa Simu



Hapa Hai Amarat, mjini Juba, nikaapo tangu nilipotoka shuleni kwetu, vijana wengi husoma vitabu kwa simu. Mara kwa mara huniuliza jambo moja: mbona nikifungua kitabu kioo chafifia, nami nikirudi kwenye ujumbe chang'aa tena? Hudhani simu imeharibika, na wengine huipeleka kwa fundi. Simu ni nzima. Napenda kuwaeleza sababu yake.

Mwanga wa kioo hurekebishwa mahali pawili. Pa kwanza ni katika simu yenyewe, nako mna jicho dogo juu ya kioo lipimalo mwanga wa mahali ulipo. Likifunikwa na kidole au uchafu, simu hudhani ni usiku. Pa pili ni katika programu ya kusomea. Programu nyingi zina kipimo chao wenyewe, nacho hukishinda cha simu wakati kitabu kimefunguliwa tu. Katika Kindle, gusa katikati ya ukurasa, kisha alama ya Aa, utakiona. Katika Moon+ Reader, ukipitisha kidole ukingoni mwa kushoto mwanga hupanda au kushuka. Basi ndiyo maana kioo hufifia "chenyewe": ni dole gumba la msomaji! Desturi hiyo yaweza kuzimwa, nami naona afadhali izimwe.

Je, mwanga kiasi gani watosha? Mchana juani usishindane, kaa kivulini. Usiku, chukua daftari, fungua ukurasa mtupu, uweke kando ya simu chini ya taa ile ile. Kioo kikiwa cheupe kuliko karatasi, punguza mpaka vifanane. Hapa jua huchwa karibu saa kumi na mbili, tangu saa zetu ziliporudishwa nyuma mwezi wa Februari 2021, kwa hiyo mwenye mtihani husoma sana gizani. Kioo kikali hapo huchosha macho na kuchelewesha usingizi. Lakini kilichofifia mno pia hukunjisha uso.

Tena kuna habari ya betri. Umeme wa mji ulirudi Juba mwaka 2019, lakini si nyumba zote zilizoupata. Wengi hutegemea jua au jenereta, na chaji ikiisha saa tatu usiku masomo yamekwisha. Kupunguza mwanga husaidia simu zote. Kurasa nyeusi zenye maandishi meupe ni habari nyingine. Kioo cha OLED, kila nukta hujiwakia yenyewe, na iliyo nyeusi imezimika, basi betri hupona. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake iwakayo daima, hata ukurasa uwe mweusi kama makaa. Mwenye simu ya namna hiyo na abaki na ukurasa mweupe akiupenda, apunguze mwanga tu.