Taka za Viwanda Vyetu ni Nishati: Je, ni Mali ya Nani?



Katika miaka ya karibuni miwa mingi iliyolimwa Busoga imevushwa mpaka hapa Busia kwenda kusagwa katika viwanda vya upande wa Kenya. Kuna nyakati serikali zilizuia, kuna nyakati zikaruhusu, na mara nyingi madereva walikesha foleni wakingojea kuambiwa lipi ni lipi. Watu wakiyaona malori hayo hufikiria sukari tu. Sisi leo tunataka kuitazama sehemu ya mzigo ambayo haifiki katika kikombe cha chai.

Tani 100 za miwa zikipita katika vinu hutoa sukari tani 10 hivi. Hubaki molasi tani 3 au 4, tope la chujio kiasi kama hicho, na makapi, yaani bagasi, yapatayo tani 30. Kwa hiyo mtu akisema kiwanda cha sukari ni kiwanda cha makapi kinachotoa na sukari kidogo, hajakosea sana. Wenzetu wa boila wanalijua jambo hili bila kuambiwa, maana wao ndio wanaoyasukuma makapi hayo usiku kucha.

Makapi yanapotoka kinuni, nusu ya uzito wake huwa ni maji. Hata hivyo huwaka. Tani moja ikichomwa katika boila nzuri huweza kutoa mvuke wa tani mbili. Mvuke huo huzungusha vinu na turbini ya umeme, kisha ukiisha nguvu hupelekwa kuchemsha maji ya miwa. Ndivyo viwanda vya sukari duniani vilivyojiendesha tangu zamani bila kununua kuni wala mafuta mengi. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatukuelezwa tulipoajiriwa. Boila za zamani zilitengenezwa makusudi zisichome vizuri sana. Mwenye kiwanda alitaka makapi yaishe, kwa sababu lundo likikua lilikuwa hasara kwake: hujaza uwanja, huoza, na huweza kushika moto lenyewe. Hapakuwa na mtu wa kununua umeme wa ziada, basi kwa nini auzalishe?

Mambo yalibadilika sheria ziliporuhusu kampuni binafsi kuliuzia taifa umeme. Uganda ilipitisha Sheria ya Umeme mwaka 1999. Kenya nayo mwaka 2008 ikatangaza bei maalumu za kununulia umeme wa nishati jadidifu. Hapo boila yenye mgandamizo mkubwa ikawa na faida, kwa kuwa mvuke wa mgandamizo mkubwa hutoa umeme mwingi zaidi kutoka katika makapi yaleyale. Kakira, karibu na Jinja, huweza kupeleka megawati 32 hivi katika gridi ya Uganda. Kwa kulinganisha, kituo cha nguvu za jua cha Tororo, kilichoanza kazi mwaka 2017, kina megawati 10, nacho hulala jua linapozama.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Mumias, ng'ambo tu ya Busia ya Kenya. Kiwanda hicho kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Mwaka 2009 kilifungua mtambo wa umeme wa makapi wenye uwezo wa megawati 38, ambapo 26 zilikuwa za kuuziwa gridi ya taifa. Ilikuwa habari kubwa, na ilistahili kuwa kubwa. Lakini umeme wa makapi hautoki bila makapi, na makapi hayatoki bila miwa. Miwa ilipopungua na madeni yalipozidi, turbini zilisimama pamoja na vinu. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, na Desemba 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda. Wafanyakazi waliopoteza kazi katika miaka ile hawakuulizwa kama mtambo wao ulikuwa wa kisasa. Ulikuwa wa kisasa kweli.

Sasa tuje kwenye mwili wa mfanyakazi. Makapi yaliyokaa huota ukungu, na vumbi lake likivutwa kwa miaka huleta ugonjwa wa mapafu ambao madaktari wameujua tangu karne iliyopita. Mtu huanza na kikohozi na homa za jioni, akadhani ni malaria, akanywa dawa za malaria, akarudi kazini. Kiwanda kikiuza umeme hulazimika kuweka akiba kubwa ya makapi ili mtambo usisimame, kwa hiyo lundo hukaa muda mrefu zaidi na vumbi huzidi. Mwenzetu mmoja aliyefanya kibarua miaka mingi kwenye lundo alituambia kwamba barakoa aliiona siku mkaguzi alipokuja, na jioni yake ikarudishwa stoo. Hatutaji ni wapi. Tunasema tu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, wala si kwa kumkata mtu mshahara. Kibarua naye ana mapafu.

Upande wa Tororo kuna taka nyingine. Mradi wa mpunga wa Doho, ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, uko Butaleja, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 2005. Katika kila tani ya mpunga, makapi huwa kilo 200 hivi. Hayana maji kama ya miwa, huwaka vizuri, na majivu yake yana silika nyingi inayofaa kuchanganywa na saruji. Tororo ni mji wa saruji, na matanuru ya saruji hula moto mwingi mno. Huko Kasese, kiwanda cha Hima kimechoma makapi ya kahawa pamoja na mafuta yake. Kwa hiyo mnunuzi wa makapi ya mpunga si ndoto. Lakini tujiulize: nani anayatumia makapi hayo leo? Ni wachoma matofali, na akina mama wafugao kuku, ambao huyabeba bure au kwa pesa kidogo kutoka mashineni. Siku yatakapopata bei, wao ndio watakaofukuzwa kwanza kwenye lundo.

Taka mbichi zina njia nyingine. Maganda ya mihogo, ambayo Busia haina upungufu nayo, damu na taka za matumbo kutoka machinjioni, mabaki ya soko: hizi hazichomwi, huozeshwa katika shimo lisiloingia hewa. Vijidudu huzila na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo ina nguvu ya kama nusu lita ya dizeli, na tope linalobaki ni mbolea. Machinjio ya Keekonyokie huko Kiserian yamefanya hivyo. Maganda ya mihogo peke yake huchachuka na kusimamisha kazi ya vijidudu, basi huchanganywa na mavi ya ng'ombe. Taka hizo zikiachwa zioze hovyo mtoni, methani hupanda hewani, nayo huipasha dunia joto kuliko hewa ya kaboni mara 28 hivi kwa kipimo cha miaka mia.

Hapa tunaomba msomaji asituruke. Gesi hiyo huchanganyika na gesi nyingine yenye harufu ya mayai yaliyooza, na hiyo ni sumu. Ikizidi, pua haiisikii tena. Mtu hushuka shimoni kuzibua bomba, huanguka. Wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Asishuke mtu yeyote kabla shimo halijapulizwa hewa na kupimwa, bila kamba kiunoni na mtu wa juu aliyeishika. Msimamizi akisema hakuna wakati, kazi isimame.

Katika mazungumzo ya mapatano ya pamoja, matawi mengi bado hujadili bei ya sukari na kiasi cha mchele, na taka hazitajwi popote. Tunapendekeza wawakilishi waombe hesabu zake kwa maandishi kabla ya kukaa mezani: makapi tani ngapi, umeme uniti ngapi zimeuzwa, molasi imekwenda kwa nani na kwa bei gani. Kisha zifuate posho ya vumbi, vipimo vya mapafu kila mwaka, na zamu za usiku za watu wa boila, ambao sasa wanaendesha viwanda viwili kwa mshahara wa kimoja.