Fedha ya Cherehani Iliyorudi kwa Njia ya Mahakama

Ndugu msomaji, kisa nitakachokueleza leo kilitokea katika jamaa yangu mwenyewe mwaka jana. Sikiandiki kwa nia ya kumwaibisha mtu, bali kwa kuwa najua nyumba nyingi za kambini zimewahi kuonja uchungu wa namna hii.

Dada yangu mdogo ameolewa na koplo mmoja wa jeshi letu hapa Uganda. Mume alipokuwa kazini nje ya nchi, alimpelekea mkewe shilingi 850,000 ili anunue cherehani, apate kushona sare za watoto wa shule na kuongeza pato la nyumba. Dada aliona katika simu picha ya cherehani mpya, yenye meza yake na mota ya umeme. Aliandikiana na mwuzaji, wakapatana bei, akalipa fedha yote kwa simu siku ile ile. Siku ya tatu kijana wa bodaboda akaleta sanduku. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na cherehani kuukuu iliyopakwa rangi upya, gurudumu limepasuka, wala mota haikuwamo. Mwuzaji alipoulizwa alijibu kwamba mali ikishatoka dukani hairudi. Tangu hapo hakupokea simu tena.

Dada alilia usiku kucha. "Kaka," aliniambia, "nitamweleza nini mwenye fedha yake?" Majirani wawili, askari wenzi wa shemeji yangu, walipopata habari walitaka kuvaa sare waende wakamtie adabu mtu yule. Nia yao ilikuwa ya upendo, lakini niliwasihi wasiende. Sare ni ya taifa, haikushonwa kwa ajili ya kudai madeni ya nyumbani. Tena askari anayekwenda kudai kwa vitisho humgeuza mdaiwa kuwa mlalamikaji, na yeye mwenyewe huishia kuwa mshtakiwa.

Njia ya haki ipo. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina kanuni za mahakama kuhusu madai madogo, yaani madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Wakili haruhusiwi kusimama kwa niaba ya upande wowote. Kila mmoja hujieleza kwa kinywa chake mbele ya hakimu. Madeni, kodi ya nyumba, na bidhaa zilizouzwa kinyume cha mapatano huingia humo. Mambo ya ndoa, urithi, kashfa na madai dhidi ya Serikali hayamo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi jambo la kwanza tulilofanya ni kukusanya ushahidi. Kwa bahati njema dada hakuwa amefuta kitu katika simu yake. Tulinakili kwenye karatasi picha ya tangazo, maandishi ya mapatano, na ujumbe wa malipo wenye tarehe, namba na jina la mpokeaji. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu biashara ya njia ya elektroniki inakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa elektroniki. Cherehani yenyewe hatukuitengeneza wala kuitumia, tukaihifadhi kama ilivyokuja.

Jambo la pili lilikuwa kumjua mtu na mahali alipo. Sheria hiyo hiyo humlazimu mwuzaji wa namna hii kumpa mnunuzi jina lake kamili, anwani na namba ya simu, ila wengi wetu hatuulizi. Hakimu hawezi kumwita mtu asiyejulikana aliko. Sisi tulimtafuta yule kijana wa bodaboda katika kituo chake, naye akatuonyesha duka alikochukua mzigo.

Tatu, tuliandika barua ya kudai, kwa maana mdai hutakiwa kwanza kumpa mdaiwa muda wa siku zisizopungua 14 alipe kwa hiari. Mwuzaji aliisoma, akacheka, akakataa kutia sahihi. Hatukugombana naye. Tuliandika siku na saa tuliyomkabidhi, shahidi akatia sahihi, nasi tukabaki na nakala.

Siku zilipokwisha, tulikwenda katika mahakama ya mahali lilipo duka lile. Karani alitupa fomu ya madai, dada akaijaza, akalipa ada ndogo, na mwuzaji akapelekewa hati ya kuitwa. Siku ya kesi tuliibeba cherehani hadi mahakamani. Mwuzaji alijitetea kwamba picha ilikuwa mfano tu. Hakimu akamwuliza, "Je, ulimwambia hivyo kabla hajalipa?" Akanyamaza. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 2017 husema kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Hakimu akaamuru mwuzaji achukue cherehani yake na kurudisha fedha kwa mafungu mawili.

Nisikufiche, msomaji: hukumu si fedha mkononi. Fungu la kwanza lililetwa kwa siku yake, la pili likachelewa. Ilitubidi turudi mahakamani kuomba amri ya dalali wa mahakama akamate mali ya mdaiwa. Habari hizo zilipomfikia, fedha ikaja kabla ya dalali.

Kwenu ndugu zetu polisi, nina neno moja. Mwuzaji asiyekuwapo kabisa, aliyetumia jina la uongo ili apokee fedha na kutoweka, huyo ni mhalifu, na kazi ya kumsaka ni yenu. Lakini ugomvi juu ya bidhaa na malipo baina ya watu wanaojulikana, aghalabu ni dai la mahakamani. Mwananchi akija kituoni na ugomvi wa namna hiyo, msimfukuze, wala msigeuke wakusanyaji wa madeni. Mwonyesheni mlango wa mahakama.

Shemeji aliporudi nyumbani, dada alimwekea karatasi zote mezani kabla hajaulizwa neno. Alizisoma moja baada ya moja, kisha akasema, "Mke wangu, fedha hii umeifanyia kazi mara mbili." Juma lililofuata walikwenda wote wawili dukani. Safari hii dada aliketi, akashona kipande cha nguo mpaka mwisho, akadai hati ya malipo yenye jina na anwani ya mwenye duka, ndipo akafungua mkoba wake.