‘Tu’ mbili katika kichochoro kimoja

Majuma mawili yaliyopita nilikatiza kichochoro kimoja nyuma ya barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, nikiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Ukutani palichorwa mama aliyebeba kikapu cha sukumawiki, na chini yake maneno mawili: “Tutafika tu.”

“Mwalimu, si hii ni grafiti tu?” akaniuliza. “Kwanza kwa Kiswahili tunaiitaje?”

Nianze na jina. ‘Grafiti’ ni neno la Kiitaliano linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukwaruza. Ajabu ni kwamba ‘chora’ yetu nayo ina historia ya namna hiyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakihusisha kitenzi hiki na kuchonga nakshi. Fundi aliyechora mlango kule Lamu alishika patasi, si brashi. Basi ‘mchoro wa ukutani’ latosha. Wingi wake ni ‘michoro ya kutani’. Anayependelea neno la mkopo aliweke katika ngeli ya I-ZI: grafiti hii, grafiti hizi.

Lililonikereketa zaidi ni ile ‘tu’ ya mwanafunzi wangu. Aliposema “grafiti tu”, alikishusha kitu hadhi, kama tusemavyo “huyo ni mtoto tu”. Lakini ‘tu’ ya ukutani inafanya kazi nyingine. “Tutafika tu” maana yake ni kwamba, liwe liwalo, hatutarudi nyuma. Neno ni lile lile: la kwanza linadharau, la pili linaapa.

Na dharau hiyo haina msingi. Katika magofu ya Kilwa, picha za vyombo vya baharini zimekwaruzwa kwenye chokaa ya kuta. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, mna michoro ya meli ambayo Wareno waliiacha ukutani kwa makaa na ngeu. Leo tunaihifadhi kama urithi. Mwaka 2012, wanaharakati akiwemo mpigapicha Boniface Mwangi waliwachora wanasiasa kwa sura ya tumbusi katikati ya Nairobi, na nchi nzima ikazungumza.

Sasa sisi walimu wa lugha tunangoja nini? Kiswahili cha vichochoroni, pamoja na Sheng yake, hakimo vitabuni, na rangi ya kukifuta haiishi dukani. Wanafunzi wapewe daftari, watoke, wanakili maneno, tarehe na mahali. Hiyo ni isimujamii tosha.

Juzi nilirudi kule nikinuia kuupiga picha ule mchoro. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, bado mbichi. Nilimpigia simu mwanafunzi wangu nikitumai kwamba alipiga picha siku ile. Hakupiga. Wala mimi, niliyemkosoa kwa ‘tu’ yake, sikuwa nimetoa simu mfukoni. Nami niliuona kuwa ni ukuta tu.