Daftari la Mahindi: Namna ya Kupanga Majedwali na Kuyauliza

Uwanda wa juu wa Ufipa ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi yetu. Wakati wa mauzo, makarani wa mizani huandika majina, vijiji na uzito wa mizigo. Maandishi hayo yakipangwa vibaya ndani ya kompyuta, mkulima aweza kukosa haki yake ingawa mahindi yake yamepokewa. Hebu tuyatazame maswali matatu ambayo wanafunzi huyauliza mara kwa mara.

Kwa nini tusiandike yote katika jedwali moja?

Tuseme chama cha msingi cha ushirika kina jedwali moja lenye safu za mkulima, kijiji, wilaya, tarehe na kilo. Mkulima wa Matai akileta mizigo kumi, wilaya yake, Sumbawanga, itaandikwa mara kumi. Sasa, mwaka 2012 wilaya ya Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga, na makao yake yakawa Matai. Karani hana budi kusahihisha mistari yote kumi; akisahau miwili, mtu mmoja ataonekana kuwa mkazi wa wilaya mbili.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu Mwingereza wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alieleza mpango wa kuhifadhi habari katika majedwali yanayohusiana. Kwa kufuata mpango huo, tutatenga majedwali matatu: Vijiji, Wakulima na Mapokezi. Habari kwamba Matai imo Kalambo itakaa katika mstari mmoja tu wa jedwali la Vijiji. Ikibadilika, twasahihisha mara moja.

Je, jina la mkulima latosha kumtambulisha?

La, halitoshi. Watu wawili huweza kuwa na jina moja, na jina moja huweza kuandikwa kwa namna mbili. Kila mkulima apewe namba yake pekee, isiyorudiwa wala kubadilishwa. Namba hiyo huitwa ufunguo. Jedwali la Mapokezi litaandika namba hiyo badala ya jina, na kwa njia hiyo kila mzigo utamrudia mwenyewe.

Kwa nini baadhi ya watu hupotea katika jibu?

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme chama kina wakulima 40, na 33 kati yao wameleta mahindi. Tukiunganisha Wakulima na Mapokezi kwa muungano wa kawaida, kompyuta itatoa tu wale wenye mistari katika majedwali yote mawili. Wale saba hawatatajwa kabisa. Nao huenda ndio waliopatwa na ukame, wenye kuhitaji msaada kuliko wote. Kompyuta haikukosea: imejibu swali tuliloliuliza. Yafaa tutumie muungano wa kushoto, ambao hubakiza kila mkulima na kuacha nafasi ya mapokezi tupu asipokuwa na mzigo. Kumbuka pia kwamba nafasi tupu si sifuri: sifuri ni kipimo, nafasi tupu ni kukosekana kwa habari.

Zoezi: Walimu, wapeni wanafunzi daftari la mahudhurio la darasa. Waligawe katika majedwali mawili, wachague ufunguo, kisha waulize: ni nani ambaye hakuhudhuria hata siku moja? Orodha ikitoka bila jina lolote, wachunguze kwanza swali lao kabla ya kufurahi.